Sufuria Moja, Ndimi Nyingi: Mwongozo Kamili wa Kupikia Watu Wenye Ladha Tofauti

Wageni wamefika. Mmoja hagusi pilipili, mwingine bila pilipili anaona hajala. Wa tatu nazi inamkinaisha. Bibi ana presha na anauliza habari ya chumvi kabla hajakaa vizuri. Hapo wapishi wengi hukimbilia njia moja, kupika katikati: pilipili kidogo, nazi kidogo, chumvi ya wastani. Matokeo yake hafurahi mtu. Mpenda pilipili anaona chakula kimepooza, na yule asiyeiweza anakohoa vilevile.

Kipenda roho hula nyama mbichi, na sijamwona mtu aliyebishana na roho ya mwenzake akashinda. Kwa hiyo mabishano tuyaache, twende jikoni. Kila kiungo kina wakati ambapo bado unaweza kumwachia mlaji aamue mwenyewe, na kina wakati ambapo uamuzi umeshapita. Mpishi anayezijua nyakati hizo anapika sufuria moja na kila mtu anakula anachokipenda. Asiyezijua atapika sufuria nne na bado atalaumiwa.

Hatua ya 1: Uliza kabla ya kwenda sokoni, na uulize vizuri

Ukiuliza "unapenda kula nini?" utajibiwa "mimi nakula chochote tu." Usiamini. Hiyo ni adabu ya mgeni, haina taarifa ndani yake. Uliza hivi: "Kuna kitu huli?" Swali hili halimfanyi mtu aonekane anachagua, na wengi hulijibu kwa ukweli. Kwa wazee, muulize binti yao au mkwe wao pembeni, maana mzee mwenyewe atakwambia "wewe pika tu mwanangu" na mezani atakula wali mkavu.

Majibu utakayopata yagawe mafungu manne, kwa sababu hayana uzito sawa.

La kwanza ni imani. Hapa hakuna kujadiliana wala kukadiria. Mgeni Mwislamu haangalii nguruwe peke yake. Anaangalia nyama imechinjwa vipi, na kama kisu na sufuria vilishapita kwenye kisicho halali. Waadventista wengi huacha nguruwe pamoja na samaki wasio na mapezi na magamba, kwa hiyo kambare, pweza na kamba vinatoka. Mkatoliki Ijumaa ya Kwaresima hali nyama. Mhindu asiyekula nyama hataridhika ukimwondolea minofu tu ukamwachia mchuzi ule ule uliochemkia mfupa.

La pili ni mzio. Mroma Lucretius aliandika kwenye shairi lake, zaidi ya miaka 2000 iliyopita, kwamba chakula cha mmoja kwa mwingine ni sumu kali, na Waingereza bado wana msemo wa namna hiyo wanapozungumzia ladha za watu. Kwa mwenye mzio wa karanga huo si msemo, ni hali halisi. Kiasi kidogo kinaweza kumvimbisha midomo na koo na kumkatia pumzi, na hapo ni kukimbilia hospitali, si kumnywesha maziwa. Karanga hujificha: zimo kwenye kisamvu, kwenye mlenda, kwenye mchicha wa watu wengi, na mwiko ulioingia kwenye kisamvu ukahamia kwenye maharage umeshazihamisha. Na tafadhali, usimtilie mtu kwa siri "tuone kama kweli."

La tatu ni maradhi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, karibu kijiko kimoja cha chai, na hapo imehesabiwa chumvi yote, pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na kwenye vidonge vya supu. Mwenye kisukari naye ana hesabu zake na chai yako.

La nne, na kubwa kuliko yote, ni ladha tu. Mtu hapendi. Hana sababu na hahitaji kuwa nayo.

Mafungu matatu ya kwanza ni sheria, unayapanga kwanza. La nne ndilo litakalotuchukua muda.

Kabla ya kuwasha moto: mtu asiyependa hajidai

Aya hii ni ya mpishi ambaye moyoni bado anasema "ni madeko tu." Mwaka 1931 mkemia Arthur Fox wa kampuni ya DuPont, Marekani, alikuwa anamimina unga wa kemikali iitwayo PTC, vumbi likaruka. Mwenzake wa maabara akalalamika kwamba hewa imekuwa chungu. Fox hakuhisi kitu. Wakaonja wote wawili kwa makusudi, na matokeo yakawa yaleyale: kwa mmoja chungu, kwa mwingine kama hakuna kitu. Baadaye ikajulikana ni jambo la kurithi, na mwaka 2003 wanasayansi wakaitambua jeni (chembe ya urithi) inayohusika zaidi, TAS2R38. Kabichi na sukuma wiki zina kemikali za jamii inayokaribiana na hiyo. Watu wawili wanaokula sukuma kwenye sahani moja wanaweza kuwa wanaonja vitu viwili.

Kotmiri, ambayo Kenya huitwa dania, ina kisa chake. Wapo watu ambao kwao majani yale yana ladha ya sabuni, na sehemu ya sababu iko kwenye jeni za kunusa. Mtu wa namna hiyo ukimnyunyizia kotmiri juu ya mchuzi "kwa urembo," umemharibia mchuzi mzima.

Basi. Hatuna haja ya sayansi zaidi ya hapo.

Hatua ya 2: Panga kila kiungo kwa wakati wake wa kuachana

Hii ndiyo kazi yenyewe. Chukua orodha ya vyakula vyako, na kwa kila kiungo chenye ugomvi jiulize: kinaweza kuingia mezani? Kama hakiwezi, kinaweza kuingia katikati ya mapishi, baada ya kuchota cha mtu? Kama hata hapo hakiwezi, basi ni chakula cha pembeni.

*Chumvi.* Inaingia mwisho na inaingia kidogo, chini kidogo ya unavyopenda wewe. Ikipungua, kichumvi kipo mezani. Ikizidi, dawa pekee ya kuaminika ni kuongeza wingi wa chakula: maji, nyanya, maharage, tui. Kile kiazi wanachokitumbukiza watu ili "kinywe chumvi" kinakunywa mchuzi wenye chumvi, na mchuzi unaobaki una chumvi ileile. Kwa mgonjwa wa presha, mchotee kabla hujatia chumvi wala kidonge cha supu, na umpe ndimu. Ukali wa ndimu hufidia sana.

*Pilipili.* Kosa la kawaida ni kuikatakata na kuikaangia kwenye mafuta pamoja na vitunguu. Ukifanya hivyo umemaliza. Kinachochoma kwenye pilipili ni kapsaisini, na kapsaisini huyeyuka kwenye mafuta, kwa hiyo inasambaa sufuria yote na huwezi kuitoa tena. Wapishi wa pwani wana njia bora: pilipili mbuzi nzima, na kikonyo chake, inaelea juu ya mchuzi dakika za mwisho bila kupasuliwa. Mchuzi unapata ile harufu yake tamu bila kuchoma. Anayeitaka anaitoa na kuipasulia kwenye sahani yake. Sharti ni moja tu: ukikoroga, mwiko usiiguse. Mimi huwa naitoa kabisa na kuiweka kwenye kisahani kabla watu hawajaanza kupakua, kwa sababu daima kuna mtu anayekoroga mpaka chini akitafuta minofu.

Kama unataka pilipili iwemo lakini kwa upole, jua kwamba ukali mwingi umo kwenye ule utando mweupe unaoshika mbegu. Ukikwangua utando huo, ganda linalobaki ni pole zaidi. Na mtu akiungua, maji hayamsaidii sana, kwa sababu ileile ya mafuta. Mpe maziwa au mtindi.

*Nazi.* Nazi ina bahati nzuri: inaingia kwa awamu. Tuchukue maharage. Umeyachemsha yakaiva. Umekaanga vitunguu, kitunguu saumu na nyanya hadi mafuta yamejitenga, ukatia maharage na maji yake kidogo, yameungana. Simama hapo. Hayo tayari ni chakula kamili. Chota bakuli la yule ambaye nazi inamkinaisha, mfunikie. Sasa waliobaki watilie tui jepesi, liache lichemke mpaka maharage yalainike zaidi na rojo lianze kushika. Hapo tena unaweza kusimama: wapo wanaopenda nazi lakini isiwe nzito. Mwisho kabisa linaingia tui zito, moto mdogo, unakoroga taratibu mpaka likianza kutokota unaepua. Ukiliacha lichemke kwa nguvu litakatika, utaona mafuta juu na chembechembe chini. Sufuria moja, vitunguu vilevile, na umetoa maharage ya aina tatu bila kuwasha jiko la pili.

Njia hiyohiyo inafaa kwa samaki, kisamvu na mboga za majani. Wali wa nazi ndio haukubali: tui linaingia kabla mchele haujaiva na halitoki. Kama mmoja tu hali nazi, pika wali mweupe na nazi iwe kwenye mboga.

*Pilau.* Watu wengi wanaosema hawapendi pilau wanaipenda sana. Wanachochukia ni kung'ata karafuu au punje ya hiliki katikati ya tonge. Vifunge vile vizima (karafuu, hiliki, mdalasini, pilipili manga) kwenye kipande cha kitambaa safi, kichemke ndani ya supu ya nyama, kisha ukitoe kabla ya kufunika. Binzari nyembamba iliyosagwa ikaangwe kama kawaida. Wenye msimamo mkali watasema pilau bila karafuu ya kutema si pilau. Hao wawekee kachumbari zaidi watanyamaza.

*Ugali.* Mabishano ya laini na mgumu hayana sababu ya kuwepo. Songa laini kwanza, uive, pakua wa wanaoupenda laini. Kisha ongeza unga kwenye uliobaki, songa ukaze, punguza moto na ufunike dakika chache ili unga mpya nao uive. Kinyume chake hakiwezekani. Ukianza na mgumu ukaongeza maji utapata madonge.

*Chai.* Mazoea ya kuchemsha chai na sukari yake ndani yatupwe. Sukari kwenye kopo, kijiko ndani, kila mtu na kikombe chake. Tangawizi iwe kwenye chupa moja na nyingine isiwe nayo. Sina zaidi ya kusema.

*Harufu.* Dagaa, ng'onda na samaki wakavu kwa jumla ni mahaba au chuki, katikati hakuna watu wengi. Shida yake haiishii kwenye sahani, inahamia kwenye mafuta. Kaanga viazi na ndizi kwanza, samaki baadaye. Mafuta yaliyokaanga dagaa ukikaangia viazi, umewapa dagaa hata wale uliowaahidi viazi.

*Mteleko.* Hapa kiungo hakisaidii. Mtu anayekataa mlenda mara nyingi hakatai ladha, anakataa namna unavyopita kooni. Kumwongezea chumvi au ndimu ni kupoteza muda. Bamia angalau ina njia: ikaushe vizuri, ikaange ikiwa nzima au vipande vikubwa kwenye mafuta ya moto, bila maji na bila kufunika, na uterezi hupungua sana. Mlenda ni mlenda. Mpenda mlenda mpe wake, na mwenzake mchicha.

Hatua ya 3: Meza ipangwe kama kibanda cha urojo

Simama kwa muuza urojo Zanzibar umtazame mikono. Sufuria ni moja, rojo la njano lenye uchachu wa embe au ndimu. Anachukua bakuli, anakatia kachori, viazi vya kuchemsha, bajia. "Yai?" Unasema ndiyo au hapana. "Mishkaki?" Anamwagia rojo, halafu juu anatupia chipsi za muhogo, chatne ya nazi, na kabla ya kukukabidhi anauliza lile swali kubwa: "Pilipili?" Nyuma yako yupo mtoto wa shule anataka bila pilipili, na nyuma yake mzee anataka nyingi. Wote wanahudumiwa kwenye foleni moja na hakuna anayeulizwa kwa nini.

Nyumbani fanya hivyohivyo. Katikati ya meza weka bakuli ndogo: ndimu zilizokatwa, pilipili ya kukaanga, achari ya embe, chumvi, kotmiri iliyokatwa, kachumbari isiyo na pilipili na pilipili mbichi pembeni yake. Kila bakuli na kijiko chake, na vijiko visitembee. Pilipili ya kukaanga iwe kwenye chombo tofauti kabisa na vingine, maana ikikaa kwenye bakuli linalofanana na la chatne ya nyanya, kuna mtoto atalia. Kisha sema kwa sauti mara moja kabla watu hawajaanza: "Haya yana nazi, haya hayana. Kile chekundu ni pilipili." Inatosha. Hakuna haja ya kumnyooshea mtu kidole na kutangaza "hili bakuli la mjomba, hali chumvi."

Hatua ya 4: Maneno ya mezani

Unaweza kupika vizuri ukaharibu kwa mdomo. Kwa mwenyeji, kanuni yangu ni kukaribisha mara moja, kukaribisha mara ya pili kwa heshima, na kunyamaza. Mara ya tatu inakuwa kesi.

Wanaowaona wenzao wakila vitu wasivyovijua nao wanahitaji neno. Mtu wa Kagera akikuwekea senene mbele, amekupa kitu cha thamani. Ukikunja uso na kusema "eh, mnakula panzi?" umemtukana na mama yake. Halafu wewe wa pwani unayeagiza pweza Forodhani bila wasiwasi, ujue kuna mtu wa Singida anakutazama vilevile. Kukataa kunaruhusiwa. Kukunja uso ndiko kusikoruhusiwa.

Namna ya kukataa? Tuseme uko kwa shangazi, na samaki wa nazi ndiye aliyemhangaikia tangu asubuhi.

"Mbona hugusi samaki, mwanangu?"

"Shangazi, samaki sili tangu utotoni, lakini haya maharage yako nayaongeza sasa hivi."

"Tangu utotoni? Mama yako hakuniambia!"

"Niongezee na kachumbari, shangazi."

Angalia alivyofanya kijana. Amesema "sili," ambalo halishambulii mapishi, na papo hapo akaomba kitu kingine kwa hamu. Hakusema "sipendi samaki wako." Hakusingizia mzio pia, na hili nalisisitiza. Kila anayesingizia mzio kwa sababu ya uvivu wa kueleza anafanya wenye mzio wa kweli wasiaminike. Leo umesema una mzio wa samaki, kesho umeonekana unakula sambusa ya samaki harusini, na keshokutwa mtoto wa mtu anapewa karanga kwa sababu "hawa siku hizi kila kitu mzio."

Ukiwa huwezi kukataa kabisa, chukua kipande kidogo, kiweke pembeni mwa sahani, ule vingine. Hakuna mwenyeji mwenye akili atakayekagua.

Hatua ya 5: Watoto

Watoto wengi huhisi uchungu kuliko watu wazima, kwa hiyo nyanya chungu na mchunga kwao ni mtihani wa kweli. Wawekee kidogo sana kando ya chakula wanachokipenda, mara kwa mara, bila fimbo na bila hongo. Wengi huzoea wakionja mara nyingi. Wengine hawazoei, na mtu anaweza kuishi miaka themanini bila nyanya chungu.

Hatua ya 6: Weka mpaka wako

Mpishi naye ni mtu. Kwa mlo mmoja mimi hukubali vituo viwili vya kuchota: kwa mfano kabla ya chumvi, na kabla ya tui. Zaidi ya hapo unageuka hoteli, na hoteli hulipwa. Fungu la imani, mzio na maradhi halihesabiwi kwenye mpaka huu, hayo yanapangwa tu. Ila mtu mwenye afya yake ambaye hataki maharage yenye nazi, wala yasiyo na nazi, wala samaki, wala mchicha, huyo mchagua nazi amefikia koroma. Mkaangie mayai mawili, umpe wali na ndimu, umwambie karibu.

Hatua ya 7: Viporo

Kabla ya kuosha vyombo, hifadhi vyakula kama ulivyovitenga. Ukimimina maharage yote kwenye chombo kimoja, kazi yote ya kuchota imepotea na kesho asubuhi ugomvi unaanza upya. Chakula kilichopikwa kisikae nje zaidi ya saa 2, na chenye tui ndicho cha kwanza kuingia kwenye friji kwa kuwa huchacha upesi. Kama huna friji, afadhali chakula kiliwe chote au kipewe majirani usiku huohuo. Cha kwenye friji asubuhi kichemshe vizuri kabla ya kula. Pilipili iliyobaki kwenye kisahani itie kwenye chupa ndogo ya siki. Mpenda pilipili wako ataiulizia Jumapili ijayo.